Dakika Mbili na Nusu za Gerda

Simu ya kwanza Bodil Ravnkilde aliikata. Ya pili aliikata pia, na akaisindikiza kwa tusi. Ya tatu ilimkuta amekwisha kumimina kahawa na kuwasha sigara yake nene, akaona heri amsikilize huyo mtu mpaka mwisho, ndipo amtukane kwa nafasi.

"Bibi Bodil, nakuomba usikate," sauti ya kiume ikasema mbiombio. "Naitwa Jeppe Thorlund. Siuzi kitu."

"Wauzaji wote husema hivyo."

"Nataka kukuuliza habari za Mwasha Taa na Korongo."

Hapo Bodil akaiweka sigara chini. Mtu wa Denmark asiyeijua filamu hiyo ya katuni labda amezaliwa jana. Kila Krismasi televisheni huionyesha, na kila nyumba ina mzee anayeanza kucheka kabla korongo hajaiangusha kofia mferejini. Kwa Bodil saa hiyo televisheni huzimwa, na anayeuliza kwa nini huambiwa yuko huru kwenda kutazama kwao.

Jeppe akaeleza. Filamu inatimiza miaka hamsini mwezi wa Desemba, nayo itatolewa upya katika diski mbili. Ya kwanza ni filamu yenyewe, imesafishwa ikang'aa. Ya pili ni ya nyongeza: michoro ya awali, mazungumzo na waliohusika, vipande vilivyokatwa. "Na waliohusika," akasema, sasa kwa sauti ya msibani, "umebaki wewe peke yako."

"Najua. Mazishi yote nilikwenda mimi, si wewe."

"Basi kuna jambo litakufurahisha. Tumepata onyesho lililokatwa! Lilikuwa kwenye kopo la filamu lililoandikwa 'matangazo'. Mwanamke anafua, halafu anacheza na mashuka. Ni penseli tupu, halina rangi wala sauti, lakini bibi, uzuri wake! Holger Brandstrup alilichora kwa mkono wake mwenyewe."

"Alilichora nani?"

"Brandstrup. Mwongozaji."

Bodil akavuta pumzi mpaka ikafika tumboni. "Njoo kesho saa nne," akasema. "Uje na hilo onyesho, uje na keki. Huo uongo uuache kwako."

Msidhani alizaliwa na ulimi huo. Ulimi ulimwota ukubwani. Alipokuwa binti wa miaka kumi na saba alikuwa mtu wa "ndiyo bwana" na "samahani bwana". Baba yake alipanga makreti kwenye kiwanda cha bia huko Valby, mama yake alisugua ngazi za nyumba za watu, na kwao sheria ilikuwa moja tu: usijione mtu. Mwaka 1953 akaandikwa kazi kwenye studio ya Brandstrup, jengo la ghorofa mbili lililokuwa zamani kiwanda cha glovu. Wanaume walikaa juu, wakichora. Wanawake kumi na sita walikaa chini, katika ukumbi wa rangi. Mchoro wa karatasi uliposhuka kutoka juu, wao waliunakili kwa wino juu ya plastiki angavu, wakageuza plastiki, wakapaka rangi kwa nyuma, kila rangi na namba yake. Kumi na nne ilikuwa wekundu wa mdomo wa korongo. Ishirini na mbili, buluu ya aproni. Bodil mpaka leo ukimwamsha usingizini atakutajia zote.

Mwanamke hakupanda juu ila kupeleka kahawa. Haikuandikwa popote, na kwa kuwa haikuandikwa hakuna aliyeweza kuifuta.

Kiti cha pili kutoka kwa Bodil alikaa Gerda Lyngholm, msichana wa Jylland mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kutikisa vikombe. Gerda alichora kila mahali: kwenye bahasha za mshahara, kwenye karatasi za kufungia mikate ya chakula cha mchana, kwenye vumbi la dirisha. Mara tatu aliomba kuhamia juu. Mara ya tatu Brandstrup alimshika bega, akamwambia kwa upole kabisa, "Gerda, Mungu amekupa mkono wa rangi. Amekupa kipaji kimoja, usidai viwili."

Gerda akarudi kitini, akamwinamia Bodil. "Umesikia? Kumbe yeye na Mungu hugawana zamu."

Katika filamu ile kuna mfuaji. Hupita na kapu lake la nguo nyuma ya mwasha taa kwa sekunde nne, basi. Majira ya baridi ya mwaka 1956 Gerda alimchukua mfuaji huyo akaenda naye chumbani kwake, akampa dakika mbili na nusu. Karatasi nyeupe zilikuwa za juu, chini hazikufika. Kwa hiyo Gerda alitumia zile zilizotupwa za tangazo la majarini, maana studio iliishi kwa matangazo, filamu ilikuwa ndoto ya Brandstrup tu. Kila karatasi upande mmoja ilikuwa na kopo la majarini na namba za rangi kwa wino mzito. Gerda alichora upande wa pili.

"Hao wa juu wakichora mwanamke," alimwambia Bodil, "wanachora mto wa kitanda wenye miguu. Mimi nataka mtu akimtazama huyu aone mgongo umemuuma tangu asubuhi."

Mpiga picha wa studio, mzee mmoja aliyempenda Gerda kwa kicheko chake, alizipiga zile karatasi Jumapili moja na kuchomeka kile kipande katikati ya kazi za wiki. Jumatatu wakakaa wote kutazama, wa juu mbele, wa chini nyuma. Mfuaji akatokea. Akaanika shuka la kwanza, la pili, upepo ukaja, shuka likamkamata kiunoni, na yule mama mnene, aliyechoka, mwenye mikono ya magadi, akacheza. Brandstrup alifuta macho kwa tai yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Brandstrup alikijua kitu kizuri akikiona.

"Hii ndiyo filamu yangu!" akasema. "Nani huyu?"

Akadhani vijana wake wa juu wanaona haya kujisifu. Akaamuru onyesho litiwe rangi, na kwa wiki sita ukumbi mzima ukalitia rangi, wanawake kumi na sita wakiimba, kila mmoja akijua ni la nani. Wiki ya saba Brandstrup akauliza tena, saa ya kahawa, mbele ya watu wote. Gerda akasimama.

"Ni mimi."

Bwana yule akampa mkono, akatabasamu. Siku tatu baadaye agizo likashuka: filamu ni ndefu mno, onyesho la mfuaji litoke, plastiki zioshwe zitumike tena.

Ndefu! Filamu yenyewe ilikuwa dakika sabini na moja! Treni ya kwenda Ringsted hukawia kuliko hapo.

Kuosha plastiki lilikuwa jambo la kawaida. Plastiki ilikuwa adimu, na kila kilichokatwa kilioshwa, wala hakuna aliyeona ubaya. Aliyeosha ni mdogo wa ukumbi, na mdogo wa ukumbi alikuwa Bodil. Siku nne alisimama kwenye sinki, maji ya vuguvugu, magadi, sponji. Plastiki elfu moja na mia nane. Buluu ya aproni ikayeyuka, wekundu wa mashavu ukayeyuka, vyote vikaingia shimoni vimekuwa tope moja la kijivu. Angeweza kuficha moja chini ya sweta. Wenzake wote walikuwa na plastiki za korongo nyumbani, waliiba kama watu wanavyochuma ua la njiani. Yeye hakuiba. Aliambiwa zote, akaosha zote.

Siku ya nne, jioni, Gerda akaja mlangoni na koti lake mwilini.

"Umeniwekea hata moja?"

"Hapana," Bodil akasema. "Zimehesabiwa."

Gerda akamtazama, akasema, "Haya." Akaondoka. Hakumgombeza, hakumpiga kofi, ingekuwa afadhali. Akarudi Jylland, akapika uji na viazi katika shule ya watoto wadogo huko Viborg miaka thelathini, akafa mwaka 1991. Kila Krismasi walitumiana kadi. Katika kadi zote hizo hakuna aliyeandika neno juu ya sinki, na Bodil aliona aibu kila alipobandika stempu.

Kesho yake, baada ya ile simu, Jeppe akaja kweli saa nne, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ndevu nyekundu, keki mkononi. Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya jikoni. Bodil akavaa miwani.

Mfuaji akatokea na kapu lake. Ni mistari tu ya penseli, lakini mgongo ulikuwa ule ule, umeuma tangu asubuhi. Miaka hamsini alijua kwamba onyesho lile halipo tena duniani, kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyolimaliza, na sasa hili hapa, linatembea juu ya meza yake kati ya sukari na maziwa. Machozi yakamtoka akayaacha yatoke. Kisha akainama karibu zaidi, akakunja uso.

"Uchafu uko wapi?"

"Uchafu gani, bibi?"

"Picha hii imeoshwa."

"Ndiyo!" Jeppe akatoa meno yote nje. "Ungeiona ilivyokuwa! Kila picha ina madoa, tarakimu zimegeuka, na kitu fulani kama kopo. Mafundi wetu wamekaa wiki tatu kuyaondoa, moja moja."

"Lo! Wiki tatu," Bodil akasema. "Mimi nilitumia siku nne."

Jeppe hakuelewa. Basi akaambiwa. Akaambiwa juu na chini, akaambiwa majarini, mpiga picha na Jumapili yake, tai ya Brandstrup, sinki. Kahawa ikapoa mbele yake. Mwisho akaitafuta kwenye kompyuta picha ile ya kabla ya kusafishwa, akaifungua. Taa ya mpiga picha ilikuwa imepigwa kutoka chini ya karatasi, na kila kilichoandikwa nyuma kilipenya: kopo la majarini limegeuka, na namba kumi na nne imegeuka, katikati ya tumbo la mfuaji.

"Haiwezekani Brandstrup achore nyuma ya tangazo la majarini," Jeppe akasema polepole.

"Huyo? Hata kufuta pua alitaka karatasi mpya."

Jeppe akatega kamera yake, akamrekodi dakika arobaini. Bodil alisema yote, na ya kwake aliyasema kwanza: mimi ndiye niliyeosha, wala sikuficha hata moja. Alilia mara moja, akamtukana Jeppe kwa kumrekodi akilia, kisha akatia saini ruhusa. Alipomfungia mlango alijisikia mwepesi, akala keki tatu.

Mwezi wa Septemba diski ya majaribio ikaja kwa posta.

Bodil aliitazama peke yake, mikono mapajani. Filamu fupi ya nyongeza ilipewa jina "Mkono wa Brandstrup". Dakika ya kumi na tisa akajiona, na chini yake maandishi: mpakaji rangi wa zamani. "Tulikuwa kumi na sita," akajisikia akisema. "Tuliimba sana. Ilikuwa furaha." Sekunde tisa. Akatoka, akaingia profesa fulani na skafu yake. Halafu likaja onyesho la mfuaji, jeupe, limesafishwa, hakuna kopo wala namba, na mwanzoni mwake maneno haya: "Lilikatwa kwa sababu ya urefu. Mchoro wa Holger Brandstrup."

Akavaa koti la mvua, akapanda baiskeli yake, akaendesha hadi bandarini kwenye ofisi za kampuni, mvua ikimpiga usoni na yeye akiitukana njia nzima. Msichana wa mapokezi akamwuliza kama ana miadi.

"Ninayo, ya mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Nimechelewa."

Katika chumba cha mikutano alimkuta Jeppe, ambaye hakuthubutu kuinua macho, pamoja na wakili wa kampuni, Henning Skaarup, mtu safi kuanzia kola hadi kucha. Skaarup akainuka, akamvutia kiti, akaanza kumvika kilemba cha ukoka.

"Bibi Ravnkilde! Heshima iliyoje! Mtu kama wewe ni hazina ya taifa zima."

"Hazina ya sekunde tisa. Nimekatwa wapi, mguuni au shingoni?"

"Hakuna anayesema wewe ni mwongo, bibi yangu."

"Hamsemi. Mmeandika."

Skaarup akaketi, akaunganisha vidole. Akaeleza kwamba warithi wa Brandstrup ndio wenye filamu, kwamba mkataba wao unasema michoro yote ni ya Brandstrup, kwamba madoa fulani na kumbukumbu za mtu mmoja mwenye umri si ushahidi wa kupeleka popote. "Sentensi yoyote inayosema kwamba mtu mwingine alichora, ni lazima niikate. Si kwa ubaya. Ni kazi yangu tu."

"Hata aliyenituma kwenye sinki hakuwa na ubaya," Bodil akasema. "Alikuwa na kazi yake tu. Na mimi nilikuwa na yangu."

"Labda tulizungumze siku nyingine, likishapoa."

"Mwanangu, nina miaka sabini na moja. Mimi nikipoa, nimepoa."

Jeppe akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Bodil akapiga meza kwa kiganja. "Basi nitoeni! Sitaki sauti yangu humo, sitaki uso wangu. Nirudishieni saini yangu."

"Vema," Skaarup akasema, tena upesi. "Hilo linawezekana."

Upesi ule ndio uliomzindua. Bodil aliiona raha iliyopita usoni mwa yule mtu, akaelewa. Kususa ni kwa anayebembelezwa. Yeye akisusa, wao ndio kwanza watapumua. Atarudi kwake na hasira yake, diski itatoka, na duniani hatabaki anayejua. Atakuwa ameliosha onyesho mara ya pili, safari hii kwa hiari. Akakaa chini tena.

"Nimebadili mawazo. Sitoki ng'o."

Ndipo Jeppe akaongea, akiangalia kalamu yake. "Kuna tatizo moja bado hatujalitatua. Lile onyesho halina sauti. Mtu akiliweka nyumbani, kimya dakika mbili na nusu, atadhani diski ni mbovu. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kuongea juu yake. Aeleze tu."

"Aeleze nini?" Skaarup akauliza.

"Kinachoonekana."

Skaarup akafikiri. Akamtazama bibi aliyelowa mbele yake, maji yakidondoka kutoka kofiani hadi kwenye zulia, na nadhani alimwonea huruma, maana watu wa namna ile huruma huwajia wakishajua wameshinda. "Kinachoonekana pichani, sawa. Kinachoonekana tu. Nikisikia nani alichora, nani alikata, nani aliosha, ni mkasi."

"Na nisipoyasema hayo?"

"Sitagusa neno."

"Niandikie."

"Bibi, tunaaminiana."

"Hatuaminiani hata kidogo. Andika."

Akaandika, kwa mwandiko mzuri, mistari mitatu: kwamba Bibi Bodil Ravnkilde ataeleza kinachoonekana katika onyesho la mfuaji, na kwamba maelezo yake hayatakatwa wala kupunguzwa endapo hayatamtaja mchoraji, mkataji wala mwoshaji. Akatia saini. Bodil akaikunja, akaisokomeza ndani ya soksi, mahali pakavu pekee alipokuwa napo.

Wiki mbili zilizofuata hakutoka ila kununua mkate. Alilitazama onyesho mpaka akajua kila hatua iko sekunde ya ngapi. Saa ya kuchemshia mayai aliiweka mbele yake, akasema kwa sauti, akakosea, akarudia. Mtu aliyefanya kazi kwenye katuni anajua mkasi unapopenda kupita: hupita kwenye pumzi. Palipo na kituo ndipo mtu hukatwa. Ukisema jambo lako lote kwa mara moja na kisha ukanyamaza, umewawekea alama ya kukata. Dakika zile arobaini alikuwa amesema kwa vituo, akilia na kupenga kamasi, na wao wakavifuata vituo vyake kimoja kimoja. Safari hii hatawaachia nafasi ya kupitisha uzi.

Siku ya kurekodi akaingia katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, akavalishwa visikilizio. Ng'ambo ya kioo alikaa Jeppe kwenye mashine, na nyuma yake Skaarup, amekuja mwenyewe kulinda. Jeppe akainua kidole. Picha ikaanza.

Ilikuwa chafu! Kopo la majarini, namba, vyote vimo, vimegeuka kama Mungu alivyotaka. Bodil akamtazama Jeppe kupitia kioo. Jeppe alikuwa anazikazia macho swichi zake, masikio mekundu kama ndevu. Skaarup, ambaye alikuwa hajawahi kulitazama onyesho hilo mpaka mwisho, hakugundua kitu.

"Huyu anayekuja ni Gerda," Bodil akaanza. "Gerda amebeba kapu, na kapu la Gerda ni zito, angalieni kiuno cha Gerda kinavyolipokea. Hapo tumboni kwa Gerda mnaona namba kumi na nne imegeuka, na kumi na nne ni rangi ya mdomo wa korongo, na ubavuni kwa Gerda mnaona kopo la majarini, maana karatasi hizi ni za ukumbi wa rangi, za chini, na juu hazikuwahi kurudi. Gerda anaanika shuka la kwanza. Gerda amebana kibanio kwa meno. Sasa tazameni mkono wa Gerda, mkono mkubwa, wa kazi, na Gerda anaunyosha shingoni mwake anapodhani hakuna anayemwona. Upepo umemfika Gerda. Shuka limemshika Gerda, Gerda analisukuma, shuka halisikii, Gerda anacheka, na Gerda akicheka vikombe vinatikisika mpaka nyumba ya tatu…"

Skaarup alikuwa ameinuka kitini, ameweka mkono begani kwa Jeppe, anasema kitu ambacho hakikusikika, na Jeppe anatikisa kichwa na kuonyesha ile taa nyekundu: tunarekodi, bwana, usinisumbue. Bodil akaendelea. Hakupumua palipo na pumzi. Kila mfuaji alipoinua mguu, jina, alipogeuka, jina, shuka lilipomfunika akatoka upande wa pili nywele zimefumuka, jina. Alimwita kwa nguvu na kwa mapenzi, mbele ya watu, jambo ambalo hakuthubutu kulifanya hata mara moja katika kadi thelathini na nne za Krismasi.

"Gerda amechoka," akasema. "Gerda anaokota kapu. Gerda anageuka, anatutazama. Mtazameni Gerda."

Picha ikazimika. Bodil akabaki amekaa, jasho linamtiririka mgongoni. Kisha sauti ya Skaarup ikaingia masikioni mwake.

"Bibi Ravnkilde, hilo haliwezi kutoka."

"Nimetaja mchoraji?"

"Hapana."

"Mkataji?"

"Hapana, lakini…"

"Nimetaja mwoshaji? Karatasi yako ninayo hapa. Nikusomee, au mwandiko wako unaukumbuka?"

"Jina hilo! Kila sentensi umelitia jina hilo! Nikilitoa hakibaki kitu!"

"Basi usilitoe."

"Warithi wataniuliza huyo Gerda ni nani."

"Waambie ni mfuaji."

Skaarup alikuwa amebandika uso kwenye kioo, pumzi yake imekitia ukungu. "Nimesoma muswada wote wa filamu hii, bibi," akasema. "Mfuaji hana jina."

"Sasa analo," Bodil akasema.